UZI: Marathoni ya kwanza kwa joto la Mombasa. Kilomita 15 za mwanzo ndizo zilizoniponza

MWENYE UZI

Assalam aleikum, na habari za asubuhi wadau wote.

Nimeahidi siku nyingi kwamba nitaandika haya kwa kirefu, na leo nimepata nafasi. Kuna vijana wanne hapa kwetu Tudor, mmoja wao mpwa wangu, wamejiandikisha kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Jana wamekaa barazani wakipanga mwendo wao, nami niko ndani nakuna nazi, nawasikia. Kila walilosema nilishawahi kulisema mimi. Moyo ukanienda mbio. Nikaacha mbuzi na kifuu nikatoka kuwaambia, na baadaye nikaona bora niandike, kwa sababu najua si hao wanne tu.

Marathoni yangu ya kwanza nilipanga kumaliza kwa saa 4 na nusu. Ukigawa, ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Mazoezi nilikuwa nimefanya, si haba. Mbio ndefu ya mwisho nilifika kilomita 32, kutoka Lighthouse pale Mama Ngina, Daraja la Nyali, hadi kule Bamburi na kurudi, nikafika nyumbani mzima.

Siku yenyewe tulianza kabla jua halijapanda. Upepo mzuri, watu wengi, ngoma zinapigwa. Natazama saa naona 5:50, 5:55, 5:50, yaani dakika 5 na sekunde 50 kwa kilomita. Najua ni kasi kuliko mpango, lakini mwili mwepesi, pumzi iko, nikajiambia leo Mungu amenipa siku. Kilomita 15 nilizipiga kwa wastani wa 5:55. Kuanzia hapo hadi 30 nikashuka polepole, wastani 6:40, na bado sikushtuka, maana nilipofika kilomita 30 nilikuwa mbele ya mpango wangu kwa dakika tatu na ushei.

Hesabuni wenyewe yaliyofuata. Kilomita 12 zilizobaki zilinichukua karibu saa 2. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 8.

Kilomita ya 34 ndiyo siisahau. Barabara ilishafunguliwa upande mmoja, magari yanapita. Nasikia magurudumu yanalia nyuma yangu, ni mkokoteni wa maji, mitungi ya manjano imepangwa safu mbili, mwenyewe ameinama, shingo imejaa mishipa. Akanipita. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea na mzigo wake, mguu mmoja baada ya mwingine, nami najidai nakimbia. Akasimama mbele yangu, akafungua mtungi mmoja, akaniuliza, "Dadangu, nikumwagie?" Nikainamisha kichwa. Yale maji ndiyo yaliyonifikisha. Sikumjua jina hadi leo, na namuombea kila nikipita njia ile.

Naendelea hapa chini, msifunge.

MWENYE UZI (inaendelea)

Sasa kwa nini ilikuwa vile? Niliuliza, nikasoma, nikajipima, na mambo ni mawili.

La kwanza ni akiba ya mwilini. Mtu akikimbia hutumia, kwa kukadiria, kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 atahitaji karibu kalori 2,950 kumaliza 42. Ile sukari inayohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama kalori 2,000 hivi. Zinazobaki zitoke kwenye mafuta ya mwili na kwenye unachokula njiani. Mwendo ukiwa wa pole mwili huchanganya, huchoma mafuta kwa wingi na kuibania sukari. Ukiongeza kasi, huifuata sukari. Kwa hiyo zile sekunde 29 nilizojiongezea kila kilomita asubuhi, nilikuwa nazinunua kwa ile akiba ya kilomita ya 30 na kuendelea. Na haikupi onyo. Mwili unakuwa mwepesi hadi dakika ile inapoisha.

La pili ni letu sisi watu wa Pwani, na hili majedwali ya mwendo mnayopakua kwenye simu hayalijui. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Hapa kwetu hewa imeshiba maji, jasho linatiririka hadi kwenye soksi na halikauki. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, damu hiyo hiyo inayodaiwa na miguu. Ndiyo maana unaweza kushika mwendo ule ule kwa saa moja na ukaona mapigo ya moyo yanapanda tu, yanapanda, na wewe hujaongeza kitu.

Anayeona naongeza chumvi akumbuke mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika hapa hapa kwetu, tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu pale ufukweni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Alikuwa mbele mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akamfikia, na Bekele akatoka kabisa kwenye mbio, hakumaliza. Wengi siku ile hawakumaliza. Na zile zilikuwa kilomita 12, na huyo ni Bekele. Machi ya Mombasa haijali wewe ni nani.

MDAU WA LIKONI

Nakuheshimu dada lakini hapa nakupinga. Hilo jua unalolisema ndilo hoja yangu mimi. Saa kumi na mbili asubuhi hewa ni baridi, saa mbili jua limeshawaka, saa tatu lami inachemka. Sasa kwa nini nisiende kasi wakati wa baridi, nikaweka dakika kibindoni, halafu jua likipanda nipunguze? Nikianza polepole najiongezea tu muda wa kukaa juani.

MWENYE UZI

Kaka, hoja yako ina uzito na ndiyo iliyonidanganya mimi, kwa hiyo nakujibu kwa nambari zangu. Kibindoni niliweka sekunde 29 mara kilomita 15, ni dakika 7 na robo. Kilomita 12 za mwisho zilinitoza dakika 41 zaidi ya mpango. Mkopo gani huo?

Na hewa ya saa kumi na mbili si baridi unavyodhani. Joto ni dogo kweli, lakini unyevu ndio uko juu kabisa wakati ule, jioneni madirisha ya gari asubuhi. Joto ulilolikusanya mwilini kwa kukimbilia kasi kilomita 15 za mwanzo halitoki, unalibeba, na jua linakukuta tayari umejaa. Anayefika saa mbili hajajaa ndiye anayeweza kulistahimili.

Ningekuambia kata kasi kwa sababu hiyo hiyo yako. Ila kubali pia kwamba muda wa kumaliza Mombasa hautakuwa ule wa miji ya baridi kama Berlin.

MDAU WA LIKONI

Dakika 41. Hiyo sikuipigia hesabu. Endelea.

MWENYE UZI

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilichana kipande cha leso kuukuu nikafunga juu ya saa ya mkononi, nikaambia nafsi yangu siifungui hadi kibao cha kilomita 5. Nikaanza na watu wa nyuma kabisa. Watu walinipita, wazee walinipita, mtoto wa shule alinipita, na lilikuwa jambo gumu kuliko kilomita yoyote ya mwisho, naapa. Mwili unakuvuta kama mbuzi anayeona majani.

Kipimo changu si saa. Nasoma Alhamdu kwa sauti ya chini. Nikiweza kumaliza kila aya bila kukatika pumzi katikati, niko sawa. Nikilazimika kuvuta pumzi kabla aya haijaisha, nimezidisha, napunguza hapo hapo. Ndugu zangu Wakristo tunaokimbia nao hutumia Baba Yetu. Mwingine hutumia hadithi tu, anamsimulia mwenziwe. Muhimu ni sentensi nzima itoke nzima.

Nilipofungua leso ile nikakuta wastani wa dakika 7 kamili. Kuanzia pale nikashika 6:45, sikuongeza hata nilipohisi naweza, hadi kilomita 32. Hapo ndipo nilipojipa ruhusa. Nikazimaliza zile 10 kwa 6:35 hivi. Saa 4 na dakika 44.

Nataka mwangalie jambo moja. Kwenye kilomita ya 15 nilikuwa nyuma ya nafsi yangu ya mara ya kwanza kwa karibu dakika 14. Kwenye 30 nilikuwa nyuma yake kwa dakika 15. Mwishoni nilimshinda kwa dakika 24. Zote hizo zilipatikana kwenye kilomita 12.

MDAU WA BAMBURI

Mashallah. Lakini hao mabingwa wetu si huanza moto tangu mwanzo? Kipchoge namuona yuko mbele na wadhibiti kasi tangu bastola inapolia.

MWENYE UZI

Yuko mbele kwa sababu huo ndio mwendo wake wa pole! Lakini hata wao wameonyesha. Berlin 2022 Eliud Kipchoge alipokimbia 2:01:09, nusu ya kwanza ilikuwa dakika 59 na sekunde 51, ya pili 61 na 18. Alilipa. Na ilikuwa rekodi ya dunia, sisemi vibaya, mtu yule ni mwalimu wetu sote. Marehemu Kelvin Kiptum, Mola amrehemu, Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47, jumla 2:00:35. London mwaka huo huo alianza na 61:40 akamalizia 59:45. Nikimtazama Kiptum baada ya kilomita ya 30 huwa nasimama kitini. Kijana alikuwa anaanza kukimbia pale wenzake wanapoanza kuhesabu vibao.

Wao wana dakika moja au mbili za kuchezea. Sisi wa mara ya kwanza tuna nusu saa nzima ya kupoteza, ndiyo maana somo ni letu zaidi.

MDAU WA MTWAPA

Dada samahani, nusu marathoni yangu bora ni saa 2 na dakika 5. Nipange muda gani kwa 42? Na nianze na ngapi? Nipe nambari, mimi bila nambari sielewi.

MWENYE UZI

Haya mwanangu. Kuna kanuni wengi huitumia, chukua muda wa nusu uzidishe kwa 2.085. Wewe ingekupa saa 4 na dakika 20. Usiuandike muda huo popote. Kanuni hiyo inachukulia kwamba umefanya mazoezi ya 42 sawasawa, na kwamba hali ya hewa ni ile ile. Kwa mara ya kwanza, na kwa hewa yetu, mimi ningekupangia saa 4 na dakika 40, ambayo ni 6:38 kwa kilomita. Kilomita 5 za mwanzo nenda 6:55, utaona kama umesimama. Toka 5 hadi 32 kaa hapo kwenye 6:38. Ukifika 32 na bado unasema sentensi nzima, basi ongeza, na zile sekunde za mwanzo utazirudisha.

Halafu fuata vibao vya barabarani, usifuate saa peke yake. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa wa kona, na wewe utakata huku na huku kufuata maji na kupita watu. Ukimaliza saa inaweza kukuonyesha 42.5 au zaidi. Watu hulia pale mwishoni kwa sababu saa iliwaambia wameshafika na utepe hawauoni.

Daraja la Nyali na vilima vyote, fuata pumzi yako, usifuate mwendo wa saa. Saa ikisema 7:20 juu ya daraja, iache iseme. Punguza hatua, mikono iende. Ukiteremka itajirudi.

Na wewe wa Mtwapa upepo unakuhusu. Msimu wa kusi ukitoka mjini kwenda kwenu upepo uko mgongoni. Unajiona una mbawa, lakini hakuna kinachokupoza, unaloa tu. Ukigeuka ndipo unakutana nao uso kwa uso, na umeshachoka. Kaskazi ni kinyume. Mtu ajue siku yake ni ya upepo gani kabla hajajisifu kilomita ya 10.

MDAU WA OLD TOWN

Mimi nakimbia na hijabu na mikono mirefu. Kuna mtu ashawahi kuniambia nivue siku ya mbio, sikumjibu. Wewe wafanyaje?

MWENYE UZI

Mpenzi wangu, mimi pia nakimbia hivyo hivyo, zote mbili nimekimbia nimejistiri. Pamba iache nyumbani, inanyonya jasho na kuwa nzito, na kwapani inachubua hadi damu. Tafuta kitambaa chepesi cha michezo, kisichobana, rangi nyeupe au ya maji ya bahari. Kwenye kila meza ya maji mimi huchukua vikombe viwili, kimoja nakunywa, kimoja namwagia mtandio utosini na nyuma ya shingo. Kwa nguo zetu hesabu mwendo wako kwa pumzi zaidi kuliko saa. Na mazoezi marefu fanya na nguo ile ile utakayovaa, hata ushungi uwe ule ule.

Mimi hutoka baada ya swala ya alfajiri, tukiwa watatu au wanne, kamwe si peke yangu.

MDAU WA CHANGAMWE

Je, chakula? Nilipokimbia 30 nilikunywa maji sana nikaanza kutapika na kichwa kuuma.

MWENYE UZI

Hapa niwe mkali kidogo, nisameheni. Maji matupu mengi ni hatari. Yanazidi mwilini, chumvi ya damu inapungua, mtu anatapika, kichwa kinauma, anachanganyikiwa, na kuna waliofariki dunia kwenye marathoni kwa hilo. Kunywa kwa kiu, mafunda machache machache. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umekunywa kupita kiasi. Na dalili hizo zikikurudia usisubiri nyumbani, muone daktari.

Mwendo na chakula ni kitu kimoja. Tumbo linalopokea kwenye mwendo wa pole linakataa kwenye mwendo wa kasi, kwa sababu damu imeenda kwenye miguu na ngozi. Mtu anayetoka na kasi hawezi hata kula kitakachomwokoa. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Mimi hutumia tende. Nazitoa kokwa usiku, nazikunja kwenye mfuko mdogo na chembe za chumvi, nakula moja kila baada ya kilomita mbili, tangu ya sita, kabla sijahisi njaa. Ndizi ikipatikana njiani nachukua nusu. Madafu baada ya mbio.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe wali mweupe na samaki kidogo. Asubuhi mahamri mawili na chai, saa mbili na nusu kabla ya kuanza. Mbaazi za nazi ziache hadi mchana, nazisema hivi kwa uchungu.

MDAU WA MIKINDANI

Mimi naenda kukimbia Nairobi. Kule ni baridi, si nitaruka tu?

MWENYE UZI

Baridi itakusaidia, mwinuko utakudai. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko hapa kwenye sifuri. Hewa ni nyembamba, pumzi moja ya kule haikuletei oksijeni ya pumzi moja ya Mama Ngina. Kosa la watu wa Pwani ni kwamba ngozi inahisi raha, mtu anaondoka kama mshale, na mapafu yanamshika kilomita ya nane. Kipimo ni kile kile, sentensi nzima. Anza polepole hata kuliko ungeanza hapa.

MPWA WAKE

Khala, nimesoma yote na wenzangu wameyasoma. Sasa tuulize moja. Ikiwa tumefanya yote hayo, tumeanza pole, tumekula tende, na bado kilomita ya 35 miguu inakataa?

MWENYE UZI

Basi utatembea, mwanangu, wala si aibu. Lakini tembea kwa mpango, usingoje kuanguka. Dakika moja unatembea kwa haraka mikono ikienda, dakika nne unakimbia pole. Ukiangalia hesabu, anayefanya hivyo kilomita zote za mwisho anapoteza dakika chache tu, na anayejilazimisha hadi akasimama kabisa, kurudi kukimbia ni kazi. Chagua kitu mbele yako, nguzo, mnazi, kibanda cha muhogo, ukifike, uchague kingine.

Ila ukiona jasho limekatika ghafla, unasikia baridi juani, au njia inakuzunguka, simama, kaa kivulini, ita watu wa huduma ya kwanza. Hapo hakuna muda wala medali. Mamako alikuacha mikononi mwangu.

MDAU WA LIKONI

Dada, Jumapili mnatoka saa ngapi na wapi? Nije niione hiyo dakika 7 kwa kilomita, maana sijawahi kukimbia hivyo tangu nizaliwe.

MWENYE UZI

Lighthouse, saa kumi na moja na nusu asubuhi, karibu na wauza muhogo wanapokaa jioni. Panda feri ya mapema. Kilomita 24, kwenda Nyali na kurudi. Njoo na kitambaa cha kufunika saa. Nikiwa nacho cha ziada nitakuletea, ninayo leso moja imeshachanika vya kutosha.

MDAU WA OLD TOWN

Nami nakuja. Niko na ndugu zangu wawili.

MDAU WA LIKONI

Saa kumi na moja na nusu. Inshallah.